Manuwari Ndogo Haikutukomboa

Ruangwa hailali mapema siku ya mechi. Jioni hiyo Namungo ilikuwa imecheza Uwanja wa Majaliwa na mojawapo ya zile timu kubwa za Dar es Salaam, na kijiwe cha kahawa ninachokaa kila nikija kutoka Nachingwea kilifurika hadi watu wakawa wanakunywa wamesimama, kikombe mkono huu, kashata mkono ule. Maneno yalikuwa yale ya siku zote: mdogo humwangusha mkubwa, mwili si hoja, hoja ni moyo. Ndipo mwalimu mmoja wa historia, mtu ninayemheshimu na tunayeazimana vitabu, akachomekea mfano wake.

"Mnashangaa nini?" akasema. "Manuwari moja ndogo ya Mwingereza, mizinga minne tu, ilivunja biashara ya watumwa pwani yote hii. Bila meli ile, kaka, babu yako angeishia kuchuma tende Maskati, na wewe usingekuwepo hapa kudai penalti."

Watu walicheka, wakaafiki. Mimi nilibisha, lakini kubishana na mwalimu mbele ya watu waliotoka mpirani ni kutwanga maji kwenye kinu, na gari la mwisho la Nachingwea lilikuwa limeshaanza kupiga honi. Namjibu hapa basi, tena simjibu yeye peke yake. Alichokisema ndicho wanachokariri wanafunzi wetu, ndicho wanachosimuliwa wageni pale Mkunazini, Unguja, na ndicho wanachoamini watu wengi wa Lindi na Mtwara, wasomi na wasio wasomi: kwamba utumwa ulikomeshwa baharini, na waliokomesha ni manahodha wachache wa Kiingereza ndani ya vimeli vyao. Ni hadithi tamu. Ina shujaa, ina adui, ina mwisho mwema. Kasoro yake ni moja tu, haikutokea hivyo.

Niipe kwanza meli yenyewe haki yake. Aliyokusudia mwalimu ni Daphne, meli ya vita ya daraja la chini, ya mbao, iliyoshushwa majini mwaka 1866, ikienda kwa matanga na kwa mashine ya mvuke pia. Mizinga minne ni kweli. Mwaka 1868 ilifanya doria pwani ya Afrika Mashariki chini ya Kapteni George Sulivan, ambaye mwaka 1873 alichapisha kitabu kuhusu kuyafukuza majahazi katika maji ya Zanzibar. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Meli mama ilikaa mbali isionekane, mashua zake ndogo zikajificha nyuma ya visiwa na vichwa vya mwambao, mabaharia wachache ndani yake wakiungua jua, wakinyeshewa, wakiugua homa, wakisubiri majahazi yanayopanda na kusi kwenda Uarabuni. Jahazi likiona limebanwa, mara nyingi nahodha wake hakusalimu amri; alilipeleka mwambani au ufukweni kwa makusudi, lipasuke, atoroke na watu aliobeba kabla Mwingereza hajafika. Wengi walizama katika mawimbi yale. Mabaharia wa Daphne waliingia majini kuwavuta waliokuwa hai. Ushujaa wao siupunguzi hata nukta.

Ipo na picha. Ilipigwa Novemba 1868 kwenye sitaha ya Daphne, na aliyesoma historia kwa kiasi chochote atakuwa amekutana nayo. Watoto na vijana wameketi juu ya mbao, wametolewa kwenye jahazi si muda mrefu. Magoti yamekuwa makubwa kuliko mapaja. Mbavu zinahesabika. Ukiitazama picha ile dakika mbili bila kusoma maelezo ya chini, utaelewa kwa nini hadithi ya mwalimu ina nguvu, maana nani atasimama mbele ya watoto wale aseme meli ile haikuwa na maana?

Kwa hao walioketi pale, ilikuwa na maana yote duniani. Hoja yangu haiwahusu hao, inawahusu ambao hawamo kwenye picha.

Mwaka 1871 Bunge la Uingereza liliunda kamati kuchunguza biashara hii. Kamati ilikusanya hesabu za manuwari zenyewe, na hesabu ikatoka hivi: katika miaka mitatu, 1867, 1868 na 1869, manuwari zote za doria kwa pamoja zilikamata majahazi 116 yenye watumwa 2,645. Katika miaka hiyo hiyo, kwa makadirio ya kamati, watumwa 37,000 walipita bila kukamatwa. Hawafiki 7 katika kila 100 waliookolewa. Hizi si tarakimu za mwanaharakati fulani wa Kiafrika mwenye hasira na wakoloni. Ni Waingereza wakijikagua wenyewe, na mwaka wa Daphne umo katikati ya hesabu hiyo. Mwalimu angempa mwanafunzi aliyepata 7 kwa 100 daraja gani?

Hata hesabu hiyo inaifadhili manuwari kuliko inavyostahili, kwa sababu 37,000 ni wale tu waliovushwa kinyume cha mkataba. Waliovushwa kwa mujibu wa mkataba hawamo. Mwalimu huruka hapa kila anapofundisha, labda kwa sababu kitabu chake nacho kinaruka. Kwa mkataba wa 1845, ulioanza kutumika 1847, Sultani wa Zanzibar alikatazwa kupeleka watumwa Uarabuni. Kati ya Kilwa na Lamu hakukatazwa. Jahazi lililopakia watu Kilwa Kivinje likaenda kuwashusha Unguja lilikuwa chombo cha biashara halali, lenye hati, lililolipa ushuru forodhani kwa kila kichwa. Manuwari ikikutana nalo, nahodha wa Kiingereza aliweza kulitazama kwa darubini, akawahesabu watu walivyobanana, akaliacha liende. Sheria ilimfunga mikono, tena ni serikali yake mwenyewe iliyoitia saini.

Na Kilwa ndiyo habari yetu sisi. Vitabu vya forodha ya Kilwa vinaonyesha kwamba katika misimu mitano, kuanzia 1862 hadi 1867, watu 97,203 walisafirishwa kutoka bandari hiyo moja. Hawakuota kwenye mikoko. Walitoka huku: Wayao, Wamwera, Wamakua, Wangindo, Wanyasa, walioteremshwa kwa miguu kutoka ziwani na kutoka mabonde yetu, mengine tunayalima ufuta leo. Msafara unaokwenda Kilwa ulikata nchi hii hii ya Mbwemkuru ambayo mtu wa Nachingwea na mtu wa Ruangwa wote wanaiita kwao. Kwa hiyo anaposema "babu yako angeishia Maskati", namwambia: mwalimu, babu wengi waliishia huko, na Daphne ikiwepo.

Liko na jambo la fedha. Sulivan na wenzake hawakulipwa mshahara tu. Sheria ya Uingereza iliwapa mabaharia pauni 5 kwa kila mtumwa aliyeokolewa, na chombo kilichohukumiwa kuwa cha watumwa kikateketezwa, hata kikiwa kitupu, kililipiwa kwa ukubwa wake kwa tani. Fikiria sasa mashua ya mabaharia waliochoka, mbali na wakubwa wao, imekutana na jahazi lisilo na mtu hata mmoja wa kuuzwa, ila lina mbao nyingi, lina matangi ya maji, na miongoni mwa mabaharia wake wamo watumwa wa mwenye chombo. Nani atapima? Anayepima ndiye atakayelipwa. Majahazi ya watu waliokuwa wakisafirisha mtama, boriti na papa mkavu yalichomwa moto baharini, malalamiko yakajaa Unguja, hata kwenye ofisi ya balozi wa Uingereza, na mwaka 1869 wakubwa wa jeshi la majini walilazimika kutoa maagizo mapya ya kuwabana manahodha wao. Mtu akikuhesabia majahazi yaliyoteketezwa kama ushahidi wa ushindi, muulize kwanza mangapi yalikuwa na watu ndani.

Na waliookolewa walipelekwa wapi?

Nimewahi kuwauliza swali hili vijana wa kidato cha nne wa Nachingwea, nao karibu wote wakajibu: walirudishwa kwao. Hawakurudishwa. Manuwari haikuwa na njia ya kumrudisha mtoto wa Kimwera kwenye kijiji chake, na haikujaribu. Walishushwa Aden, walishushwa Bombay, walishushwa Shelisheli, ambako kati ya 1861 na 1872 waliteremshwa zaidi ya watu 2,400. Huko waligawiwa kwa wenye mashamba kufanya kazi kwa mkataba wa miaka kadhaa. Walikuwa huru, hakuna aliyeweza kuwauza tena, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini mtoto aliyetekwa huku akiwa na jina, mjomba na ngoma ya jando inayomsubiri, akajikuta anakwangua nazi katika kisiwa cha Mahé, sijui kama angekubaliana na mwalimu kwamba ameshinda vita.

Waliorudi, na walikuwa wachache, walirudi kwa miguu yao. Novemba 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyetuachia vitabu vya sarufi ya Kiswahili, alitoka Lindi kwenda bara akiwa na watu zaidi ya hamsini, wanaume na wanawake, waliokuwa wameokolewa na kulelewa katika misheni za Unguja. Nia ilikuwa wafike Nyasa. Walipofika Masasi, jirani zetu hapa, wakaona ardhi, maji na majabali yale, wakaamua safari imetosha. Hivyo ndivyo Masasi ya misheni ilivyoanza. Miaka sita baadaye, 1882, Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, wakaivamia, wakachoma, wakachukua mateka. Watu waliokwisha kuokolewa baharini mara moja wakajikuta wanakimbia kutekwa mara ya pili, safari hii umbali wa siku kadhaa kutoka maji ya chumvi. Manuwari haiwezi kupanda Masasi.

Hapa mwalimu atanishika. Atasema: na mkataba wa 1873 je? Ni kweli. Sultani Barghash alikataa, akabembelezwa, akakataa tena. Alikubali alipoambiwa na balozi John Kirk kwamba manuwari zitakifunga kisiwa chake, na tarehe 5 Juni 1873 akatia saini. Usafirishaji wa watumwa kwa bahari ukapigwa marufuku wote, soko la Unguja likafungwa. Nakubali bila shuruti kwamba tishio la meli lilifanya kazi siku ile. Ila lilimkuta Barghash akiwa dhaifu. Aprili 1872 kimbunga kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli zake mwenyewe. Aliyekwisha kuanguka ni rahisi kumsukuma.

Na baada ya saini kukatokea nini? Biashara ilishuka jahazini, ikavaa viatu. Misafara kutoka Kilwa ikaanza kupanda kaskazini kwa miguu, nyuma ya mikoko, kuelekea bandari za Pangani na kwingineko. Mwingereza aitwaye Frederic Elton, ofisa wa ubalozi, alikuwa akipita njia hiyo ya pwani wakati huo. Kati ya tarehe 21 Desemba 1873 na 20 Januari 1874 akahesabu watumwa 4,096 wakipelekwa kaskazini. Mwezi mmoja, njia moja! Manuwari zote za doria ziliokoa watu 2,645 katika miaka mitatu. Upande mmoja wa mikoko mabaharia walikuwa wanachungulia upeo kwa darubini, upande wa pili minyororo inapita.

Mkulima wa korosho au ufuta hahitaji kufundishwa jambo hili. Anaijua kangomba. Anajua yule mnunuzi anayekuja mwezi wa dhiki, kabla ya mavuno, na kibaba chake na noti chache, akamkuta mzee ana mgonjwa au ada ya shule, akalinunua zao likiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Kila msimu tunasikia magari yamekamatwa getini usiku. Vizuri, yakamatwe. Lakini nani asiyejua kwamba gari likifika getini, dhuluma ilikwisha kufanyika miezi minne nyuma, sebuleni kwa mtu, kwa sauti ya chini? Ukiliziba geti la barabara kuu, mzigo unapita njia ya baiskeli. Aliyedhani kangomba itaisha kwa kuongeza mageti ni ndugu yake aliyedhani utumwa uliishia kwenye sitaha ya Daphne.

Kama mwalimu bado anataka vita ya majini ambamo chombo kidogo kilishinda, ninayo moja, nami namzawadia.

Tarehe 3 Desemba 1881, miaka minane na nusu baada ya mkataba, mashua ya mvuke iitwayo Wave ilikuwa karibu na Pemba. Ilikuwa mali ya London, manuwari kongwe iliyojengwa kubeba mizinga 90, ambayo kwa miaka ile ilitia nanga Unguja kama kituo cha doria. Ndani ya Wave alikuwemo mkuu wa London mwenyewe, Kapteni Charles Brownrigg, na watu wake wapatao kumi. Likatokea jahazi, bendera ya Ufaransa ikipepea. Bendera ile ilikuwa kinga: Ufaransa haikumruhusu Mwingereza kupekua vyombo vyake, kilichoruhusiwa ni kusogea na kuthibitisha kwamba hati ni za kweli. Wenye majahazi wengi walilijua hilo, wakaitafuta bendera kama watu wanavyotafuta namba ya gari ya serikali. Brownrigg hakutaka kuzua ugomvi wa mataifa. Watu wake hawakushika silaha tayari. Wave ikasogea ubavuni mwa jahazi kwa upole.

Waliokuwa wamelala chini ya ukingo wa jahazi wakainuka kwa pamoja, wakafyatua bunduki, kisha wakairukia mashua. Mabaharia kadhaa waliuawa papo hapo, wengine wakasukumwa majini. Kapteni akabaki shetri, risasi zimekwisha, ameshika bunduki kwa mtutu anapiga kwa kitako, anawarudisha, wanakuja tena, vidole vimekatwa, hadi alipopigwa risasi ya mwisho. Jahazi likashika njia yake. Tumboni mwake mlikuwa na watu wapatao 100 wa kuuzwa, na wakashushwa Pemba.

Huo ndio ushindi wa chombo kidogo. Jahazi la tanga liliishinda mashua ya mvuke ya taifa lenye nguvu kuliko yote baharini, kwa ujanja, kwa ushujaa pia, tusinyimane. Mshindi alikuwa mwuza watu. Tangu nijue kisa hiki nimeacha kushangilia mdogo kwa sababu tu ni mdogo. Uwanjani Majaliwa ni mambo mengine.

Na tazama kisa kilivyokwisha. Nahodha wa jahazi lile, Hindi bin Hattam, hakukamatwa baharini. Aliandamwa ndani ya Pemba na askari wa Sultani walioongozwa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa wa London na baadaye akaajiriwa na Barghash kumfundishia jeshi la nchi kavu. Alijeruhiwa katika mapambano huko huko kisiwani, akafa kwa majeraha. London yenyewe haikudumu. Mwaka 1884 ilikuwa imekwisha kuuzwa na kuvunjwa mbao zake. Biashara iliendelea kuwepo baada yake.

Basi nini kiliiua? Sina jibu lenye shujaa mmoja, na hilo ndilo linalowaudhi watu kijiweni. Aprili 1876 Barghash alitoa matangazo ya kupiga marufuku misafara ya watumwa bara, na liwali wake wa Kilwa akaanza kuyasimamia, akichukiwa na matajiri wa mji wake. Nguvu za tangazo lile zilikuwa kwamba lilielekezwa kwenye njia, wala si kwenye maji. Kisha likaja zao. Miaka hiyo hiyo mpira wa mwituni, ule utomvu wa mitoria katika misitu ya Wamwera, ya Donde na ya uwanda wa Makonde, ulipata bei nzuri Kilwa na Lindi. Mwenye watu akaona faida zaidi ya kuwaweka porini wageme mpira kuliko kuwapeleka sokoni walikokatazwa. Msidhani ni habari njema hiyo. Mtumwa hakuachwa huru, alibadilishiwa kazi. Waliotoroka walitoroka, wakaanzisha vijiji vyao mbali na barabara, na vingine bila shaka tunavilima mbaazi leo bila kujua.

Wajerumani walikuja wakijigamba kwamba wameleta ukombozi, wakauacha utumwa wa majumbani uendelee kisheria. Walichofanya ni kutoa hati za uhuru kwa mmoja mmoja, na kuamua kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 watakuwa huru. Zanzibar iliondoa hadhi ya utumwa kisheria mwaka 1897. Sisi Tanganyika tulisubiri hadi 1922. Mtoto wa miaka kumi aliyeketi kwenye sitaha ya Daphne, kama alikuwa na mdogo wake aliyebaki huku mikononi mwa bwana, mdogo huyo angekuwa mzee wa miaka sitini sheria inapofuta neno mtumwa.

Kwa nini basi hadithi ya manuwari inapendwa hivi? Waingereza najua kwa nini wanaipenda. Sisi je? Nina shaka ninayoisema kwa heshima. Tunaipenda kwa sababu inayaweka mambo yote mbali. Mwovu yumo jahazini, ana kilemba, anatoka ng'ambo. Mwokozi yumo melini, ana kofia, naye anatoka ng'ambo. Sisi tumo kati, tumeketi kwenye sitaha, tunapigwa picha. Hakuna anayelazimika kuuliza nani alimfunga kamba mtoto yule siku ya kwanza, kabla hajaiona bahari. Aliyemfunga alisema lugha ya huku. Misafara mingi iliongozwa na Wayao. Machemba, mkuu wao mmoja tunayemsifu, na anastahili sifa, kwa barua yake ya Kiswahili ya mwaka 1890 aliyowakatalia Wajerumani wito wao, alikuwa mtu wa biashara, na katika bidhaa za watu wake pamoja na pembe na mpira walikuwamo binadamu. Katika mwaka wa njaa, ndugu aliwekwa rehani kwa mtama na hakukombolewa. Haya yanajulikana na wazee, yanasemwa usiku, kwa mafumbo, hasa posa inapokuja na mtu akataka kujua ukoo wa bwana harusi ulifikaje kijijini.

Mwalimu aliwahi kuniambia kwamba sisi wa bara hatuna historia ya bahari, tuwaachie watu wa Kilwa na Unguja. Nachingwea? Bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyofunguliwa 1954, ilijengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea, zile ambazo Waingereza walikuja kuzilima 1947 na mradi ukawafia mikononi mwaka 1951. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kata ya Stesheni tunayo hadi leo, treni hatuna. Kisha Wareno, waliofika Msumbiji kwa meli mwaka 1498 na kukaa karibu miaka 480, waliondolewa na watu waliofundishwa kutambaa kwenye vumbi la kambi ya FRELIMO hapa hapa Nachingwea. Tarehe 24 Mei 1975 Samora Machel aliaga mji huu, mji usio na hata kidau, kwenda kuipokea nchi yenye pwani ndefu kuliko yetu. Bahari ina tabia ya kwisha nchi kavu.

Sasa ombi langu kwa mwalimu, na kwa walimu wenzake wa Mnacho, Mandawa, Mnero, Naipanga na Ruponda. Picha ya Daphne muendelee kuionyesha. Pembeni yake andikeni ubaoni 2,645 na 37,000, wanafunzi wagawanye wenyewe. Halafu wapeni kazi ya nyumbani: kila mmoja akamwulize bibi au babu yake msafara ulipita wapi karibu na kwao, na watu walijificha kwenye kilima gani. Wazee wanaoweza kujibu wanapungua kila masika. Mimi nitakuwa kijiweni mechi ijayo, na kahawa ya mwalimu iko juu yangu.